Barua ya Shukrani Iliyosomeka Kama Deni: Namna ya Kusahihisha Aya Fupi ya Kiingereza

Mwaka jana sisi waseminari tuliandika barua fupi ya shukrani kwa kikundi cha wafadhili wetu, waamini wa parokia moja huko Uingereza. Walikuwa wametusaidia kununua pampu ya maji. Barua yenyewe ilikuwa aya moja tu. Tuliiandika jioni moja, tukaisoma haraka, tukaituma, tukaenda kulala na mioyo myepupe.

Jibu lilikuja kutoka kwa mhazini wao. Lilikuwa la upole, lakini lilikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, zile fedha tunazihesabu kuwa mkopo? Kwao zimeandikwa vitabuni kuwa zawadi. La pili: ni nani anayetudai kwa nguvu, na je, tuko salama?

Tulishtuka. Sisi tulitaka kusema asante, kumbe tumewatia watu wazima hofu na kuvuruga hesabu zao. Tukaichukua nakala ya barua yetu, tukaisoma upya neno kwa neno. Leo tunaiweka hapa mbele yenu kama ilivyokuwa, maana makosa yaliyomo si yetu peke yetu. Ni makosa ya kila anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, awe mseminari anayeandika insha ya falsafa, awe katibu wa halmashauri ya walei anayeandikia parokia rafiki.

Aya yenyewe ilikuwa hivi:

"We are very thanks for the helps you gave us. Our water pump it spoiled in August and we were hearing very bad. You borrowed us money and we have bought a new one on 12th September. Sister who is in charge of kitchen, he is happy, even us. Until now we are using it. But the hardware shop is demanding us for the pipes, and we discussed about it with the Father. We pray you to remember us."

Kabla ya kucheka, tuseme jambo moja. Karibu kila kosa hapa lina sababu yake, na sababu hiyo ni Kiswahili sanifu. Aliyeandika hakuwa mjinga. Alikuwa mwaminifu kwa sarufi ya lugha yake, akaivika maneno ya lugha nyingine. Ndiyo maana kukariri orodha za makosa hakutusaidii sana. Kinachosaidia ni kujua Kiswahili kinatuvutia wapi. Tuipitie aya sentensi kwa sentensi.

SHUKRANI NA MSAADA

"We are very thanks for the helps." Kwa Kiswahili tunasema "tunashukuru sana". Neno "sana" halichagui: hufuata kitenzi, kivumishi na kielezi bila ugomvi. Lakini "very" huchagua. Husimama mbele ya kivumishi au kielezi tu, kama "very happy" au "very slowly". Haliwezi kusimama mbele ya "thanks", ambalo ni nomino, wala mbele ya kitenzi. Tunaweza kusema "We are very grateful", au kwa wepesi zaidi "Thank you".

Na "helps"? Kwetu kuna msaada na misaada. Kiingereza kinalitazama "help" kama tunavyoyatazama maji au mchanga, yaani kitu kisichohesabika kimoja kimoja. Ndugu zake ni "advice", "information", "furniture", "equipment", "news" na "luggage". Hakuna "advices" wala "informations". Ukitaka kuhesabu, sema "a piece of advice", au "a lot of information". Kamusi za wanafunzi, kama ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kuchapishwa Oxford mwaka 1948, huweka alama ya U kwa nomino zisizohesabika na C kwa zinazohesabika. Wengi wetu tunayo kamusi hiyo maktabani na hatujawahi kuitazama alama hiyo.

PAMPU ILIYOHARIBIKA

"Our water pump it spoiled." Katika "pampu iliharibika", ile "i" ya mwanzo wa kitenzi ni ya lazima, maana inaipatanisha pampu na kitenzi chake. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Nomino ikishatajwa, inatosha. Tukiongeza "it" tunakuwa na viti viwili kwa mgeni mmoja. Ni vivyo hivyo kwa "My mother she is sick" na "The students they went".

Halafu neno "spoil". Kiswahili kinasema chakula kimeharibika, gari limeharibika, mtoto ameharibika. Kiingereza kinavigawa vitu hivi. Chakula na mtoto huweza kuwa "spoiled". Mashine ikisimama kufanya kazi, "it breaks down".

"We were hearing very bad" imetoka katika "tulijisikia vibaya". Sisi husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi na husikia njaa. Kwa Kiingereza masikio husikia sauti tu. Baridi na njaa ni "feel", na harufu ni "smell". Hata hivyo, "we felt very bad" nayo isingetosha, kwa kuwa msomaji angeweza kudhani tulikuwa wagonjwa, au tulikuwa tunajilaumu. Hapa tulijifunza somo lililozidi sarufi. Badala ya kutaja hisia, taja kilichotokea. Kwa wiki kadhaa tulichota maji kwa ndoo kutoka bondeni. Hilo mfadhili analiona kwa macho yake bila kuelezwa kwamba lilikuwa gumu.

NENO LILILOMSHTUA MHAZINI

"You borrowed us money." Hapa ndipo palipozaliwa swali la kwanza. Kwa Kiswahili tunamwambia mwenzetu "niazime kalamu", na baadaye tunasema "nimeazima kalamu". Kitenzi ni kimoja kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza kina vitenzi viwili. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Mhazini alipoona "You borrowed us money" alijua kwamba tumekosea, akasahihisha kichwani kuwa "You lent us money". Na hilo sasa ni tamko kamili la mkopo! Kumbe sisi tulitaka kitenzi rahisi kuliko vyote: "You gave us money."

Vitenzi vya namna hii, vyenye mwelekeo, viangaliwe kwa makini: "lend" na "borrow", "teach" na "learn", "bring" na "take", "come" na "go". Tujiulize kila mara: kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani?

Katika sentensi hiyohiyo kuna "we have bought a new one on 12th September". Umbo la "have bought" linafanana na "-me-" yetu, na Mswahili hana shida kusema "tumenunua juzi". Kiingereza kinakataa. Ukitaja tarehe au wakati uliokwisha kupita, kama "yesterday", "last year" au "on 12 September", tumia "bought". Ukitaka "have bought", usitaje siku.

SISTA ALIYEITWA MWANAMUME

"Sister... he is happy." Kiambishi "a-" katika "anafurahi" hakiulizi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinauliza kila mara. Tukiandika kwa haraka, ulimi huchukua lolote lililo karibu, na Sista wetu mpendwa wa jikoni akawa "he". Programu ya kompyuta ya kusahihisha tahajia mara nyingi haitashika kosa hili, kwa sababu "he" limeandikwa sawasawa. Dawa ni kuweka kidole juu ya kila "he" na "she" na kuuliza: huyu ni nani?

"In charge of kitchen" nayo imekosa "the". Kiswahili hakina vineno "a", "an" na "the", na sisi tunaosoma Kilatini tunajua kwamba nacho hakina. "Sacerdos" ni padre yeyote au padre yule, muktadha ndio unaoamua. Kwa Kiingereza mwandishi ndiye anayeamua, na kanuni ya kuanzia ni hii: kama msomaji anaweza kujua ni kipi hasa, weka "the", kama ni kimoja tu kati ya vingi na anakisikia kwa mara ya kwanza, weka "a" au "an". Seminari ina jiko moja, basi "the kitchen".

"Even us" imetoka katika "hata sisi". Kwetu "hata" hapa hujumlisha tu. "Even" kwa Kiingereza huleta mshangao: hata sisi, ambao hakuna aliyetegemea tufurahi! Sema "and so are we".

"Until now we are using it" ina hatari kama hiyo. "Mpaka sasa tunaitumia" maana yake bado inafanya kazi. Lakini "until now" humfanya Mwingereza asubiri habari mbaya: mpaka sasa, halafu ikawaje? Neno linalotakiwa ni "still".

DENI NA BABA WA MBINGUNI

"The hardware shop is demanding us." Hili ndilo lililozaa swali la pili. "Duka linatudai" ni habari ya kawaida kabisa ya deni, wala haina ukali. "Demand" ni kutaka kwa nguvu, kwa sauti ya juu, pengine kwa vitisho. Tena hufuatwa na kitu kinachotakiwa, kwa hiyo ilisomeka kana kwamba duka linatutaka sisi wenyewe. Kiingereza hulitaja deni kwa upande wa mwenye kudaiwa: "We owe the hardware shop for the pipes."

"We discussed about it" ni kosa la kihusishi. Tunasema "tulijadili kuhusu", lakini "discuss" humeza hilo "kuhusu" ndani yake: "We discussed it." Wengine wa ukoo huo ni "emphasise", si "emphasise on", "request", kikiwa kitenzi, si "request for", "enter the church", si "enter in the church", na katika cheti cha ndoa au barua ya paroko, "he married her", si "he married with her".

Kisha "the Father". Sisi tulimaanisha Padre Gombera. Lakini kwa Mkristo anayesoma Kiingereza, "the Father" yenye herufi kubwa ni Nafsi ya kwanza ya Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo tulikuwa tumewaambia wafadhili kwamba suala la mabomba tumelipeleka kwa Mungu Baba. Si uongo, lakini sicho tulichotaka kusema! "Father" ni jina la heshima la kuitia, au la kutanguliza kabla ya jina la mtu. Ukimtaja kwa kazi yake, ni "the priest", "the parish priest" au "the Rector".

"TUKUMBUKENI" NI NINI HASA?

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotusumbua kuliko zote, na si kwa sababu ya sarufi. "We pray you" ni rahisi: kuomba kwetu ni kumwomba Mungu na ni kumwomba jirani, ila Kiingereza cha leo hutumia "pray" kwa Mungu na "ask" kwa watu. Lakini "remember us"? Tulipokaa kuisahihisha, tulibishana. Mmoja alisema tulimaanisha sala. Mwingine, kwa ukweli, alisema hapana: ukishataja deni la mabomba halafu ukasema "mtukumbuke", kila Mswahili anajua unaomba nini.

Hapo hakuna kamusi itakayokusaidia. Lazima uamue unataka kusema nini, na ukiseme. Kama unaomba fedha, omba waziwazi, taja kiasi na sababu. Kama unaomba sala, sema sala. Sentensi inayoweza kusomwa kwa njia mbili humwachia msomaji mzigo wa kubahatisha, na mfadhili anayebahatisha huanza kutilia shaka hata yale yaliyo wazi. Tulimwendea Padre Gombera, naye akatuambia barua ya shukrani iwe ya shukrani. Deni la mabomba lingemalizwa kwa fedha za seminari yenyewe. Basi tukaandika upya:

"Thank you for the help you gave us. Our water pump broke down in August, and for several weeks we carried water in buckets from the valley. With the money you gave us, we bought a new pump on 12 September, and it is still working well. The Sister in charge of the kitchen is happy, and so are we. We still owe the hardware shop a little for the pipes, but the seminary will pay this from its own funds. Please remember us in your prayers."

Angalieni kwamba hakuna neno hata moja gumu. Hili nalo tulilijadili, maana wapo waliotaka "assistance" badala ya "help" na "purchased" badala ya "bought". Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii kwa sababu za kihistoria. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia na kukaa kando ya yale ya wenyeji: "ask" na "request", "begin" na "commence", "buy" na "purchase". Ya kigeni yalikuwa ya mahakamani na ya wakubwa, na mpaka leo yana baridi kidogo. Yana mahali pake katika hati rasmi. Katika barua ya shukrani, lile fupi lina joto zaidi. Mwandishi George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alishauri vivyo hivyo: neno fupi likitosha, lisibadilishwe kwa refu. Na adabu haiongezeki kwa kurundika "humbly" na "kindly" mstari mmoja. "Please" moja inatosha.

MANENO YA KANISA

Yapo maneno ambayo sisi tunayahitaji kuliko wengine, na kamusi ya kawaida huweza kutupoteza. Haya ni machache:

Malezi ya seminari ni "formation", na mlezi ni "formator". "Upbringing" ni malezi ya mtoto nyumbani.

Nia ya Misa ni "Mass intention". "Aim" ni lengo au shabaha.

Sadaka ina sura nyingi. Ile ya kikapuni Jumapili ni "collection" au "offering". Anayopewa maskini ni "alms". Sadaka ya Misa yenyewe ni "sacrifice".

Kukomunika ni "to receive Communion". Kwa msomaji wa leo, "communicate" ni kuwasiliana.

Kigango huitwa "outstation", lakini msomaji wa Ulaya huenda asilijue neno hilo. Ongeza maelezo mafupi: "a small community with its own chapel, served by our parish".

Pole haina mwenzake. Kwa msiba, "We are sorry to hear of your mother's death" ni sawa kabisa. Lakini "sorry for the journey" humfanya mgeni ajiulize umemkosea nini. Mwambie "I hope you had a good journey".

SOMA MARA TANO

Kutokana na barua ile tumejiwekea utaratibu. Aya fupi tunaisoma mara tano, na kila mara tunatafuta jambo moja tu, maana anayetafuta yote kwa pamoja hupitwa na mengi.

Mara ya kwanza tunaangalia watenda: nani amefanya nini, "he" ni nani, "she" ni nani, na kama kuna nomino iliyofuatwa na "it" au "they" isiyo na kazi.

Mara ya pili tunaangalia wakati: penye tarehe, kitenzi kiwe cha wakati uliopita.

Mara ya tatu tunaangalia nomino: inahesabika au haihesabiki, inahitaji "a" au "the".

Mara ya nne tunaangalia vitenzi: mwelekeo wake, na vihusishi vinavyovifuata.

Mara ya tano tunampa mwenzetu ambaye hakuiandika. Anaisoma kwa sauti, kisha anatuambia kwa Kiswahili alichoelewa. Hatumwelezi chochote kabla. Akisema jambo ambalo hatukulikusudia, kosa ni letu, na kalamu inarudi kazini. Tungefanya hivyo jioni ile, mwenzetu angetuuliza, "Kwani walitukopesha?" na mhazini angelala usingizi wake.

Tunawaachia sentensi moja ya kujipima: "Yesterday we have received many informations from Sister about the seminar, and he emphasised on prayer." Ina makosa manne. Yatafuteni kabla ya kuendelea.

Jibu ni hili: "Yesterday we received a lot of information from Sister about the seminar, and she emphasised prayer."

Na mhazini? Tulimtumia aya mpya pamoja na maelezo mafupi kwamba fedha zao zilikuwa zawadi na tulizipokea kama zawadi. Alijibu kwa mstari mmoja: sasa ameelewa, na barua yetu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa lao. Tulifurahi, ingawa tuliomba kimoyomoyo iwe ile ya pili.